Bustani ya nyumba ya zamani Arusha na Moshi: dalili, chanzo na tiba

Anayehamia nyumba ya zamani, iwe Uzunguni au Themi kule Arusha, au Shanty Town kule Moshi, hupokea pia bustani iliyopandwa na watu wengi kwa nyakati tofauti. Mawaridi yako chini ya dirisha, mparachichi umelipita paa, ua wa saipresi umekuwa msitu, mchaichai umefunga njia ya jikoni. Inapendeza mno. Ila baada ya miezi michache ukuta unaanza kubanduka, ukoka unakauka kwa mabaka, na mwenye nyumba anakimbilia duka la pembejeo kununua dawa.

Dawa isubiri. Malalamiko mengi ya bustani za namna hii yanatokana na maji yanayokwenda yasikotakiwa, au na kitu kilichofukiwa ardhini na waliotangulia. Chukua mwavuli, zunguka nyumba mvua kubwa inaponyesha, uone maji yanaanguka wapi, yanatuama wapi na yanatoka wapi. Ukiweza, acha masika moja ipite, yaani Machi hadi Mei, kabla ya kung'oa au kujenga chochote. Wakati huo chora ramani ya kiwanja kwenye karatasi: chemba, mita ya maji, bomba, nguzo, waya unaokwenda stoo au banda la nje. Bila ramani hiyo usizamishe sururu zaidi ya sentimita 30 popote.

Ukuta una unyevu na lipu inabanduka upande wenye maua

Chanzo cha kawaida kuliko vyote ni udongo uliopanda. Kila mwaka mtu ameongeza samadi na mboji kwenye tuta lililo chini ya dirisha, na baada ya miaka 30 tuta limefunika msingi na kuvuka tabaka la kuzuia unyevu, lile mafundi wanaloliita DPC. Tafuta mstari huo mweusi au wa kijivu kati ya msingi na ukuta. Udongo unapaswa kuwa angalau sentimita 15 chini yake. Nyumba nyingi za mawe hazina DPC kabisa. Hapo pima kutoka usawa wa sakafu ya ndani, udongo uwe sentimita 15 chini ya sakafu.

Cha pili ni gata. Iliyotoboka au kuziba majani ya jakaranda humwaga maji sehemu moja ya ukuta, na ukiangalia chini utaona kishimo kilichochongwa na matone. Kuna nyumba zisizo na gata kabisa, na mtaro wa saruji uliokuwa ukipokea maji ya paa umefukiwa chini ya maua. Cha tatu ni umwagiliaji wenyewe: mpira umelazwa kwenye tuta la ukutani kila jioni. Bomba lililopasuka ardhini hutokea kwa nadra zaidi, lakini ndilo ghali.

Anza na vipimo visivyo na gharama. Kata nailoni ya sentimita 30 kwa 30, ibandike ukutani upande wa ndani kwa utepe pande zote nne, iache saa 48. Matone yakiwa upande wa chumbani, ni hewa ya ndani inayotoa jasho kwenye ukuta wa baridi, jambo la kawaida Arusha kuanzia Juni hadi Agosti. Fungua madirisha na usogeze kabati mbali na ukuta. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, unyevu umo ukutani. Kisha soma mita ya maji usiku baada ya kufunga bomba zote, na uisome tena alfajiri kabla ya mtu kuamka. Ikiwa imesogea, maji yanavuja mahali.

Tiba ya udongo uliopanda ni koleo. Ondoa udongo kwa upana wa sentimita 40 kutoka ukutani hadi ufikie kimo kile cha sentimita 15. Fanya mita 2 kwa wakati mmoja, na usishuke hadi chini ya msingi, maana hapo unautoa mguu wa nyumba. Uso wa ardhi uteremke kwenda nje, sentimita 5 kwa kila mita 2, halafu tandaza kokoto za nusu inchi kwa unene wa sentimita 5. Mawaridi yanaweza kuhamishwa, hiyo kazi ifanyike mvua zikiwa zimeanza. Kinachoharibu kazi yote ni haraka ya kupiga lipu mpya ya saruji. Ukuta mnene hukauka polepole, makadirio ya mafundi ni kama mwezi mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene, na saruji ikiufunika kabla ya hapo unyevu unapanda juu zaidi na kutokea mahali papya. Kwenye kuta za mawe zilizojengwa kwa chokaa, rudisha lipu ya chokaa.

Simama na umwite mhandisi wa majengo ukiona ufa mpana kuliko milimita 5, ufa unaopanda kwa ngazi kufuata maungio ya matofali, au mlango ulioanza kukwama ghafla. Weka alama ya penseli na tarehe kwenye ncha zote mbili za ufa ili naye aone mwendo wake.

Simama pia kama paa ni la kijivu, lenye mawimbi mapana, gumu kama saruji. Hilo huenda ni asbesto. Usilikwangue ukoga, usilitoboe ili kufunga gata, usilipande. Vipande vyake hukutwa vimefukiwa bustanini au vimesimamishwa kuwa kingo za matuta. Visivunjwe wala kufagiwa vikiwa vikavu. Vilowanishe, zuia watoto, na uulize ofisi ya afya na mazingira ya halmashauri utaratibu wa kuviondoa.

Ukoka unakauka, au sehemu moja imestawi kupita kiasi

Hapa umbo la baka linasema zaidi ya rangi yake, kwa hiyo panda kwenye ngazi uliangalie kutoka juu.

Baka lisilo na umbo, chini ya mti: kivuli. Ukoka unataka jua, na chini ya mparachichi hautarudi hata uumwagilie maziwa. Panda mimea ya kivulini au tandaza majani makavu.

Baka la mviringo linalokua, na nyasi zinang'oka mkononi kama zulia: mabuu ya mende wanakula mizizi. Chimba kipande cha sentimita 30 kwa 30, kina cha sentimita 10, uhesabu minyoo minene myeupe iliyojikunja. Moja mbili si kitu. Zikifika kumi, fukua sehemu hiyo, waachie kuku siku chache, kisha pandikiza upya.

Vichuguu vidogo vya udongo laini vilivyopangana: fuko. Huyo anakula mizizi na viazi vya maua. Sumu iwekwe kando, mbwa wa jirani ndiye atakayeipata. Mtego wa kienyeji wa kamba na fito uliowekwa ndani ya njia yake unafanya kazi vizuri kuliko chochote kinachouzwa.

Baka la pembe nne ndilo la kuogopa. Pembe nne inayokauka mapema kiangazi ina maana kuna zege karibu na uso: sakafu ya banda lililobomolewa, au mfuniko wa shimo la maji taka. Pembe nne iliyo kijani kibichi wakati kwingine kumekauka, hasa ikiwa na harufu asubuhi, ni shimo linalovuja au lililojaa. Nyumba za zamani mara nyingi zina mashimo mawili, la kwanza likaachwa bila kufukiwa lilipojengwa la pili. Nondo za mfuniko zimeliwa na kutu na zege limebaki jina tu.

Usitembee juu yake, usiegeshe gari, usipande mti. Zungushia kamba siku hiyohiyo. Kwanza tafuta chemba zilipo na ufuate mstari wake kutoka chooni; shimo litakuwa mwisho wa mstari. Likiwa limejaa, ita gari la kunyonya maji taka. Likiwa halitumiki, linyonywe, mfuniko uvunjwe kutoka pembeni, kisha lijazwe mawe na udongo ulioshindiliwa. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye vifaa. Mtu yeyote asiingie ndani, hata kwa dakika moja, hata kuokota koleo: hewa ya humo inaua bila onyo, na anayemfuata mwenzake kumwokoa hufa naye.

Harufu bila baka la kijani mara nyingi ni mizizi iliyoingia kwenye bomba. Mabomba ya zamani ya udongo wa kuchoma yana maungio yanayolegea, na mizizi ya mkuyu au jakaranda hufuata unyevu. Dalili yake ni choo kinachoshuka polepole na kutoa mlio wa kubwabwaja bafu likimwagwa. Fundi bomba akizibua kwa waya mara tatu kwa mwaka, acha kuzibua. Badilisha kipande hicho kwa bomba la plastiki la inchi 4.

Majani ni ya njano lakini mishipa imebaki kijani

Hii huonekana kwenye haidrenja, gardenia, milimau na michungwa, na huanzia majani machanga ya juu. Mmea unakosa madini ya chuma. Mara nyingi chuma kimo udongoni, ila alkali imekifunga. Watu huongeza mbolea ya chumvichumvi na hali inakuwa mbaya zaidi.

Alkali inatoka wapi? Kwanza kwenye maji. Maji mengi ya miteremko ya Mlima Meru yana magadi, na ukimwagilia miaka mingi yanabaki udongoni. Pili, vifusi: wajenzi hufukia mabaki ya saruji na chokaa kando ya ukuta, ndipo mtu anapopanda maua baadaye. Tatu ni majivu ya jikoni, ambayo tumezoea kuyamwaga bustanini kwa nia njema. Kwa mgomba ni sawa. Kwa haidrenja ni adhabu.

Jaribu hivi: weka kijiko cha udongo mkavu kwenye sahani, dondoshea siki nyeupe. Ukitoa mapovu, una chokaa. Haidrenja nayo ni kipimo, kwani kwenye udongo wenye tindikali maua yake huwa ya bluu na kwenye alkali huwa ya waridi. Ukiinunua ya bluu na mwaka wa pili ikawa ya waridi, hukudanganywa dukani.

Tiba nyepesi ni maji ya mvua. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1, hivyo paa la mita 100 za mraba kwenye mvua ya milimita 10 lingetoa lita 1,000. Toa moja ya tano kwa kinachopotea, unabaki na kama lita 800. Tangi la lita 2,000 hujaa kwa mvua mbili tatu za maana. Kwa paa linaloshukiwa kuwa la asbesto, maji hayo yasinywewe. Ongeza mboji debe moja kwa kila mita ya mraba kila mwanzo wa mvua. Ukitaka matokeo ya haraka, nunua madini ya chuma yenye pakiti iliyoandikwa Fe-EDDHA. Ile ya Fe-EDTA ni rahisi zaidi lakini hupoteza nguvu kwenye alkali, kwa hiyo unalipia rangi tu. Kama tatizo ni kifusi, hakuna dawa: chimba sentimita 50, toa kifusi, jaza udongo mpya.

Dalili inayofanana nayo ni masale (mmea wa majani marefu unaopandwa mipakani) yenye ncha kavu za kahawia. Masale hayapendi floridi, na maji ya visima na chemchemi nyingi kuzunguka Meru yana floridi kuliko kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita cha Shirika la Afya Duniani. Kata ncha kwa mkasi, mwagilia maji ya mvua, na yaliyo kwenye vyungu badilishia udongo. Kama maji ya kisima chako hayajapimwa, yapeleke maabara kabla watoto hawajaanza kuyanywa. Kuchemsha hakuondoi floridi.

Na tukiwa kwenye masale: mstari wa masale pembeni ya kiwanja usiung'oe kwa sababu umechakaa. Uchagani na maeneo ya jirani hiyo ndiyo alama ya mpaka. Kabla ya kugusa, kaa na jirani mbele ya mwenyekiti wa mtaa.

Mawaridi yanadhoofika

Madoa meusi kwenye majani yanayogeuka njano na kudondoka ni kuvu wa majira ya mvua. Okota majani yote yaliyoanguka na uyachome, usiyatie kwenye mboji. Mwagilia shinani, asubuhi. Pogoa katikati ya kichaka ili upepo upite.

Unga mweupe juu ya majani machanga ni ubwiri unga, hupenda siku kavu zenye usiku wa baridi. Maziwa sehemu 1 kwa maji sehemu 9, yanyunyizwe siku yenye jua mara moja kwa wiki, hupunguza sana yakiwahi. Vidukari kwenye vikonyo waoshe kwa maji ya mpira yenye nguvu siku tatu mfululizo. Wakibaki, kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja.

Sasa ile isiyojulikana na wengi. Waridi jipya, zuri, limepandwa pale lilipokufa la zamani, na linadumaa bila ugonjwa wa kuonekana. Udongo huo umechoshwa na mawaridi na umejaa viumbe wanaoshambulia mizizi yao. Mtu anarudi kununua miche mara tatu, kila mara anamlaumu muuza miche. Panda mbali na hapo, au chimba shimo la sentimita 60 kwa 60 na kina cha sentimita 45, udongo huo uupeleke kwenye mboga, ujaze mpya kutoka sehemu ambayo haijawahi kuwa na waridi.

Kwa Moshi mjini, ambako ni chini na joto kuliko Arusha, waridi litahitaji matandazo ya sentimita 7 na kivuli kidogo cha alasiri. Matandazo yasiguse shina.

Njia za udongo za mchwa ukutani

Vunja kipande cha sentimita 5 cha njia hiyo, rudi baada ya siku tatu. Ikiwa imejengwa upya, mchwa wapo kazini. Chanzo karibu kila mara ni mbao inayogusa ardhi na nyumba kwa pamoja: kuni zilizopangwa ukutani, nguzo ya mti ya bogenvilia, kisiki kilichoachwa, matandazo yaliyosogezwa hadi kwenye lipu. Viondoe, acha ukanda wa sentimita 40 mtupu. Njia zikifika kwenye kenchi au fremu za milango, mwite mtaalamu wa wadudu. Dawa ya kumwaga kwenye msingi wa nyumba huchanganywa kwa vipimo na huingia kisimani ikikosewa.

Ua wa saipresi unakahawia

Kahawia ya ndani tu, nje kijani: ni kawaida, jua halifiki. Kahawia inayotoka shinani kwenda nje, matawi yenye majimaji ya kunata na ukungu mweusi: vidukari wa saipresi, walioingia Malawi mwaka 1986 na kufika Kenya mwaka 1990. Kata hadi kwenye kijani, basi. Saipresi haichipui kwenye mti mkavu wa zamani, na anayeifyeka hadi shina akitegemea irudi atabaki na ukuta wa vijiti. Mti uliokauka zaidi ya nusu utoe, uweke aina nyingine.

Kama ua ni wa mnyaa, vaa miwani na mikono mirefu. Utomvu wake ukiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka dakika 15 hadi 20 na uende hospitali siku hiyo, usingoje uone kesho. Mwoleanda, ua zuri la waridi ama jeupe, una sumu kila sehemu. Matawi yake usiyatumie kama kuni wala kuchomea nyama.

Mti mkubwa umeinama au unadondosha matawi

Angalia shina kwa chini. Uyoga mgumu kama rafu uliojitokeza kwenye shina au mizizi maana yake moyo wa mti umeoza, hata majani yakiwa mazuri. Ardhi iliyopasuka au kuinuka upande mmoja wa shina baada ya mvua ni dharura: hamisha gari na vitanda vya upande huo leo. Mgrivea na mparachichi huvunjika matawi kwa uzito bila kuoza, na kupunguza theluthi moja ya kichwa kabla ya mvua za vuli kunatosha.

Tawi nene kuliko mkono wako, lililo juu kuliko unavyofika ukiwa umesimama chini, si lako. Likiwa karibu na waya wa umeme, mpigie TANESCO wazime au wakate wenyewe, usimtume kijana mwenye panga. Na kabla ya kuangusha mti mzima uliza ofisi ya mtaa kama kibali kinahitajika.

Bogenvilia ina majani tele, haina ua

Unaipenda mno. Punguza maji, acha samadi, ipate jua saa sita kwa siku, na uipogoe ikimaliza kuchanua, si kabla. Iliyo kwenye chungu iache mpaka majani yaanze kulegea ndipo uinyweshe.